Chora, Sema, Futa

Anayeonyesha programu ya kompyuta mbele ya watu hapati shida ya kujua atazame wapi. Ameitumia programu hiyo kwa miezi au miaka, na mkono wake hukifikia kitufe kabla mdomo haujakitaja. Mshiriki aliyeketi safu ya nne yuko mbali na hali hiyo. Mbele yake kuna ukurasa uliojaa menyu, vichupo, vitufe na visanduku, vyote vikimwita kwa wakati mmoja, na sauti inayomwambia, "Sasa tunakuja hapa, tunachagua hii, halafu tunabofya pale." Hapa ni wapi? Hii ni ipi? Anapokuja kukipata kitufe cha kwanza, mwezeshaji ameshafika hatua ya tatu. Makala haya yanamtetea mshiriki huyo. Hoja yenyewe ni moja: anayeonyesha programu moja kwa moja achore juu ya skrini, na achore kwa nidhamu, kila alama iambatane na sentensi moja na ifutwe sentensi hiyo inapokwisha.

Mwezeshaji ndiye wa mwisho kugundua kwamba ameachwa peke yake. Mwaka 1990, Elizabeth Newton, aliyekuwa akifanya utafiti wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapa watu kazi rahisi: wagonge mezani kwa kidole mdundo wa nyimbo zinazojulikana sana, na wenzao wazitambue. Wagongaji walitabiri kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa ni 3 tu. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo mzima kichwani, maneno na ala zake, na hakuweza kuwaza kwamba mwenzake alikuwa akisikia mbao tu. Miaka tisa baadaye, wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris walichapisha jaribio lao maarufu: watazamaji walioambiwa wahesabu pasi za mpira kwenye video walishughulika na kuhesabu hata karibu nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akikatiza katikati ya wachezaji. Ukiyaweka majaribio hayo mawili pamoja, unapata picha ya semina nyingi za kompyuta. Aliye mbele hajui kwamba hasikiki, na walio nyuma hawaoni kilicho wazi machoni mwao kwa sababu wamekazana kutafuta kitu kingine.

Dawa inayofahamika ni kumwelekeza mtazamaji. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametumia miongo kadhaa kuchunguza jinsi watu wanavyojifunza kwa maneno na picha kwa pamoja, na mojawapo ya kanuni zinazojirudia katika kazi zake ni kwamba watu hujifunza vizuri zaidi pale ambapo jambo la msingi limewekewa ishara ya kuliangazia. Lakini yako majaribio yaliyotusogelea zaidi. Mwaka 2016, Logan Fiorella pamoja na Mayer walichapisha majaribio manne yaliyotumia somo fupi la video kuhusu athari ya Doppler, ile inayofanya sauti ya king'ora ibadilike gari likishakupita. Kundi moja liliona michoro iliyokwisha kuchorwa. Kundi jingine lilimwona mwalimu akiichora huku maelezo yakiwa yaleyale. Katika jaribio la kwanza, waliomwona mwalimu akichora walijibu vizuri zaidi maswali ya kutumia walichojifunza, ila faida hiyo iliwapata waliokuwa na ujuzi mdogo wa mada, wajuzi hawakuipata. Katika la pili, lililoonyesha mkono wa mwalimu peke yake, faida iliwafikia wote. Katika la tatu mistari ilitokea bila mkono kuonekana, na faida ikatoweka.

Jaribio hilo la tatu haifai kulificha, maana kwenye onyesho la programu mkono wa mwezeshaji kwa kawaida hauonekani. Kinachoonekana ni mstari unaotembea. Ninavyolisoma mimi, linatuonya tusitegemee mstari wenyewe ufundishe. Mstari unaojichora polepole juu ya skrini ya programu hauna uchawi wowote. Kazi yake ni kujibu swali la "wapi", na jibu hilo lina thamani kama linafika pamoja na maneno yanayojibu "nini" na "kwa nini". Anayechora kimya kisha akaeleza, au akaeleza kisha akachora, amelitenganisha jambo moja kuwa mawili na kumwachia mtazamaji kazi ya kuliunganisha. Na anayechora kwa kuwa amezoea kuchora, akizungushia duara kila neno analolitamka, amerudi palepale alipoanza: kila kitu kinapiga kelele, hakuna kinachosikika.

Wachambuzi wa mpira kwenye televisheni wanalijua hili kwa vitendo. Kifaa cha kuchora juu ya picha ya televisheni kilibuniwa na mwanafizikia wa Marekani, Leonard Reiffel, katika miaka ya 1950, na kikapata umaarufu mkubwa Januari 1982 pale mchambuzi John Madden alipokitumia kuchambua fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani. Leo mtazama soka yeyote ameuzoea utaratibu wake. Picha inasimamishwa. Mchambuzi anamzungushia duara beki aliyeacha nafasi, anavuta mshale mmoja kuonyesha mshambuliaji alikopitia, anasema neno lake, kisha alama zinaondoka na mchezo unaendelea. Hakuna anayeuacha mshale wa bao la kwanza ukining'inia kwenye skrini mpaka bao la pili. Mwezeshaji wa programu aige utaratibu huohuo: simamisha, chora, sema, futa, endelea.

Zana zipo, na nyingi hazigharimu kitu. Kwa wenye Windows, naipendekeza ZoomIt, programu ndogo ya bure iliyoandikwa na Mark Russinovich katika mkusanyiko wa zana za Sysinternals, ambayo tangu mwanzoni mwa 2025 inapatikana pia ndani ya PowerToys ya Microsoft. Ukibonyeza Ctrl na 1 inakuza sehemu ya skrini. Ctrl na 2 inakupa kalamu bila kukuza. Ukishika Shift wakati wa kuchora unapata mstari ulionyooka, Ctrl inakupa mstatili, Ctrl na Shift kwa pamoja mshale. Herufi R inaleta wino mwekundu, B wa bluu, O wa rangi ya chungwa. E inafuta vyote, na Esc inakurudisha kwenye programu yako. Kwenye Linux kuna Gromit-MPX, ambayo huwashwa na kuzimwa kwa F9. Wenye Mac wana Presentify na nyingine za aina hiyo. Ukiwa unaonyesha slaidi kwenye PowerPoint huhitaji kusakinisha chochote, kwani Ctrl na P inaleta kalamu na E inafuta. Mikutano ya Zoom nayo ina kalamu zake, ikiwemo moja ambayo wino wake hupotea wenyewe baada ya muda mfupi, na hiyo ndiyo ningewapendekezea wanaosahau kufuta. Chagua moja, uizoee, usihangaike na nyingine.

Tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, kwa mfano ambao wahudumu wengi wa afya katika ukanda wetu wameukalia semina. DHIS2 ni mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya iliusambaza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, na Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinautumia pia. Mshiriki wa semina ya Tanzania amekuja na vitabu vyake vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya kituoni, na anachotaka kujua ni namba hizi ziingie wapi. Kabla hajaandika namba hata moja, lazima achague vitu vitatu: kituo chake kwenye orodha yenye matawi, fomu ya ripoti, na mwezi. Viko sehemu tofauti za ukurasa na kila kimoja kinakitegemea kilichotangulia. Mwezeshaji mzoefu hubofya vyote vitatu kwa muda wa pumzi moja. Hapo ndipo pa kusimama. Kwa ZoomIt, bonyeza Ctrl na 2, weka mstatili kwenye orodha ya vituo, sema, "Kwanza hapa: kituo chako, si wilaya." Vuta mshale kutoka hapo hadi kwenye fomu, sema. Vuta wa pili hadi kwenye mwezi, na hapa kaa kidogo, maana ukichagua mwezi usio wenyewe fomu inaweza kufunguka vilevile, visanduku vikiwa wazi, na namba za Machi zikaingia Aprili bila mtu kushtuka. Eleza hatari hiyo wakati mshale bado unaonekana. Kisha E, kisha Esc, kisha ubofye kweli.

Baada ya hapo fomu inafunguka, na jaribu la kwanza ni kuichora yote. Usiichore. Fomu ya aina hii ni jedwali, na aliyeshika kitabu cha MTUHA anajua kusoma jedwali. Panapohitaji alama ni penye jambo lisilojieleza. Kwa mfano, kwenye ukurasa wa kuingizia takwimu wa matoleo ya zamani, kisanduku hugeuka kijani namba ikishahifadhiwa, na uhifadhi hutokea pale unapohama kisanduku bila kubofya kitufe chochote. Mtu aliyezoea kutafuta kitufe cha kuhifadhi atazunguka ukurasa mzima akikitafuta. Andika namba, hama, kisha zungushia mstatili kisanduku kilichogeuka kijani na useme, "Rangi hii ndiyo uthibitisho wako." Hiyo ni alama moja inayoweza kuepusha maswali mengi ya mchana. Angalia pia kwamba hapo kalamu ya kijani haifai hata kidogo, na nyekundu nayo ina walakini: miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini takriban 8 katika kila 100 wana shida ya kutofautisha nyekundu na kijani, na ingawa Afrika idadi iko chini ya hapo, wapo. Bluu iliyokolea, kwa mstari mnene, huonekana na karibu kila mtu. Njano kwenye ukurasa mweupe, ndani ya ukumbi wenye madirisha mapana na projekta iliyochoka, haionekani na yeyote.

Kufuta ndiko watu wanakokosea zaidi, na kunastahili mkazo kuliko kuchora. Alama iliyobaki baada ya maneno yake kwisha inaanza kusema uongo. Kwenye programu za kuchorea ambazo hukuruhusu kuendelea kubofya huku wino ukiwa juu, ukishusha ukurasa kidogo tu, duara lililozunguka "Kamilisha" sasa limezunguka kitufe kingine kabisa, na mshiriki aliyeinamia daftari lake akiinua macho atanakili hicho. ZoomIt katika hali yake ya kawaida inakulinda kwa namna fulani, kwa sababu unapochora skrini huwa imegandishwa na huwezi kubofya chochote mpaka utoke. Ulinzi huo una gharama yake: unachokichora ni picha ya dakika iliyopita. Kama unaonyesha dashibodi ambayo namba zake zinabadilika, usikae ndani ya picha iliyoganda ukieleza namba ambazo nyuma yake zimeshabadilika.

Wapo watakaosema kishale cha kipanya kinatosha, na kama hakitoshi, taa ya leza ipo. Vyote viwili vina kasoro moja: haviachi nyayo. Mtu aliyekuwa anaandika, aliyekuwa anamjibu jirani yake, au anayefuatilia mkutano kwa simu ambapo kishale ni kijidoa, akichelewa kidogo amekikosa. Leza ina kasoro ya ziada, kwani haiwafikii kabisa walio nje ya ukumbi; wao wanaiona skrini iliyoshirikishwa, hawauoni ukuta. Alama iliyochorwa humsubiri mchelewaji. Hii ndiyo sababu wanaofundisha kwa njia ya mtandao wanaihitaji zaidi ya wanaofundisha ukumbini. Intaneti ikiwa dhaifu, picha huwafikia washiriki kwa kuchelewa na ikiwa imefifia, kwa hiyo ongeza unene wa kalamu, chora polepole, na ukishamaliza kuchora hesabu moja hadi tatu kimoyomoyo kabla hujafuta.

Wengine watasema ni heri kuandaa picha za skrini mapema, mishale ikiwa imeshawekwa vizuri, kuliko kuhangaika mbele ya watu. Hoja hii ina uzito. Kwa mwongozo wa kuchapisha na kugawa, picha zilizoandaliwa ndizo bora. Lakini picha yenye mishale sita inamwonyesha mtu mishale sita kwa mpigo, na kazi ya kujua ipi ianze inabaki kwake. Isitoshe, onyesho la moja kwa moja lina faida ambayo picha haina: maswali. Mshiriki akiuliza, "Na kama kituo changu hakimo kwenye orodha?" huna picha ya jibu hilo. Unafungua ukurasa husika, unachora, unajibu. Anayeshika kalamu hufuata swali linakoelekea, na mshiriki anatambua kwamba swali lake limebadilisha kinachoonekana mbele ya wote.

Kuhusu mwandiko mbaya, jibu ni fupi: usiandike. Kipanya hakikutengenezwa kwa mwandiko, na neno lililoandikwa kwa kipanya humlazimisha msomaji kulifumbua badala ya kukusikiliza. Mstatili, mshale na mstari chini ya neno vinatosha kwa karibu kila haja, na funguo nilizozitaja zinavinyoosha bila ustadi wowote wa mkono. Mstatili ni bora kuliko duara, kwa sababu vitufe na visanduku vyenyewe ni mistatili na mstari haupiti juu ya maandishi. Pakihitajika kuchora kitu kutoka mwanzo, kwa mfano njia ambayo takwimu hupita kutoka kituoni hadi wilayani hadi wizarani, bonyeza W kwenye kalamu ya ZoomIt upate ubao mweupe, uchore pale, kisha urudi.

Pingamizi ninalolipa uzito zaidi linawahusu wajuzi. Kama chumba kimejaa watu wanaoujua mfumo na wamekuja kuona mabadiliko ya toleo jipya, alama nyingi zitawachosha, na tumeona kwamba katika jaribio la kwanza la Fiorella na Mayer wajuzi hawakufaidika. Kwa hao punguza alama zibaki penye kipya tu. Lakini kuwa mwangalifu unapoamua kwamba chumba ni cha wajuzi. Mara nyingi uamuzi huo hutokana na watu wawili watatu wa safu ya mbele wanaotikisa kichwa kuafiki kila unachosema, ilhali walio nyuma wamenyamaza kwa heshima au kwa haya. Katika semina zetu, ambamo bosi na mwajiriwa mpya huketi chumba kimoja, ni wachache watakaonyoosha mkono kusema wamepotea. Anayekosea kwa kuchora kupita kiasi amewapotezea wajuzi dakika chache. Anayekosea kwa kutochora amewarudisha watu vituoni bila walichokifuata, na nauli na posho zimeshalipwa.

Iko faida nyingine ambayo waandaaji wa semina hawaitumii. Weka kumbukumbu ya mahali unapolazimika kuchora kila mara. Kama katika kila kundi unajikuta ukizungushia kitufe kilekile, na kila kundi likashangaa kwamba kilikuwa pale, hilo ni kosa la ukurasa, haliwahusu washiriki. Kitufe kimefichika, au jina lake halieleweki, au rangi yake inafanana na vya jirani. Wanaotengeneza programu, wawe Oslo, Nairobi au Dar es Salaam, wanahitaji taarifa hiyo kuliko pongezi. Piga picha ya skrini ikiwa na alama zako, uwatumie, na ueleze ni mara ngapi umelazimika kuichora.

Basi kabla ya semina yako ijayo, sakinisha zana moja, ujifunze funguo nne tu: ya kuanza, ya mstatili, ya kufuta na ya kutoka. Pitia onyesho lako lote ukiwa peke yako, kwa sauti, mkono ukiwa kwenye kibodi, na amua mapema sehemu zisizozidi tano utakazosimama kuchora. Jaribu kwenye projekta ya ukumbi wenyewe, ukiwa umeenda kusimama safu ya mwisho, uone kama mstari unaonekana. Na siku ya semina, ulimi unapotaka kusema "hapa" kwenye sehemu hizo, chora huku ukisema.